Winda za Masika

Jumapili, 3 Machi 2024. Moa.

Mvua ya kwanza imenyesha leo alasiri, na mimi, Manase, mwandishi wa barua za maombi kwa wale wasio na mkono mwepesi wa kalamu, nimeona inafaa niwe na mahali pa kujiandikia mwenyewe. Kwa miaka mingi nimewaandikia watu malalamiko yao ya mipaka, ya mafao na ya mirathi. Langu sijapata kuliandika, kwa kuwa sijui nilielekeze ofisi gani.

Hali ilivyo ni hii. Mke wangu Jenifa yuko Mombasa tangu Januari, kwa kazi ya nyumbani, akilea mtoto wa watu. Binti yetu Blessing, aliye katika mwezi wake wa tisa, yuko hapa nami. Tulikubaliana hivyo sisi wawili, maana kalamu yangu hailishi watatu. Dada mkubwa wa Jenifa, shemeji Beatrisi wa Maramba, hakukubali. Alitamka mbele ya wazee wa usharika kwamba mwanamume hawezi kumvusha mtoto mchanga masika, na kwamba Blessing apelekwe kwake. Jenifa akamjibu: "Mwache ajaribu, dada. Nikipata ruhusa nitakuja kuona kwa macho yangu, ndipo niamue mtoto akae wapi."

Hivyo basi, masika hii ndiyo kesi yangu, na hukumu itatolewa na mama wa mtoto.

Jumanne, 5 Machi

Sadalla wa bodaboda ameleta mzigo aliokabidhiwa Horohoro, mpakani, na utingo wa basi la Mombasa. "Karani, pokea! Mkubwa lakini mwepesi, kama ahadi za kampeni." Ndani mna nepi za kutupa, zile ambazo kila mtu huziita pampasi.

Naandika hapa jambo ambalo sijamweleza Jenifa. Tangu Februari mtoto amebabuka mapajani, ngozi imekuwa nyekundu kama kaa aliyechemshwa. Nimepaka kila dawa niliyopewa zahanati. Nikimwacha wazi anapona. Nikimvalisha anababuka upya.

Tena hakuna mahali pa kuzitupa. Huku pwani haja ya mtoto haichomwi moto: inaaminika kwamba aichomaye anamchoma mtoto mwenyewe, naye atawashwa mwili mpaka akue. Kwa hiyo hakuna anayechoma. Shimo la choo changu ni fupi, maana maji ya chini yako karibu, nalo limekaribia kujaa. Wengine hutupa kwenye mikoko, na maji yakijaa huzirudisha. Nikifukia, mbwa hufukua. Jana mbwa waliitandaza moja mbele ya msikiti, nami nikaitambua kwa picha ya twiga, nikainama kuiokota wakati watu wanatoka kuswali. Hakuna aliyenikaripia. Walisimama tu wakanisubiri niondoke, na ningeona afadhali wangenikaripia.

Mimi ni Mlutheri, siamini habari ya moto. Hata hivyo, sijachoma hata moja.

Jumatano, 6 Machi

Bi Mwatumu, jirani yangu wa ua kwa ua, ambaye hadi leo nilimhesabu kuwa mwanamke wa maneno mengi, aliniita kupitia upenyo wa makuti.

"Shikamoo, Bi Mwatumu."

"Marahaba. Mwanangu Karani, utawaokotea mbwa mpaka lini? Ndani hamna kanga?"

"Kanga zilizomo ni za mama Blessing."

"Basi si ndizo! Chukua kuukuu, iliyofuliwa ikachoka. Mpya haiwi winda, hainywi maji, itamchubua tu."

Akamlaza Blessing juu ya mkeka, akanionyesha winda, yaani nepi ya kitambaa, inavyofungwa: kitambaa hukunjwa pembe tatu, ncha moja hupita katikati ya miguu, nyingine mbili hukutana ubavuni, bila pini. Mimi nilifunga mara ya kwanza ikaanguka. Mara ya pili mtoto akaitoa mwenyewe, akacheka.

"Na hili lishike," akasema. "Masika, nzi anataga kwenye nguo zinazoanikwa. Mayai yakigusa ngozi ya mtoto yanakuwa funza, wanaingia ndani. Jua peke yake halitoshi. Piga pasi, mbele na nyuma, kila winda. Umenisikia?"

"Nimekusikia na nitazingatia."

"'Nitazingatia!' Utadhani nimemtumia barua."

Nilizikata kanga mbili za Jenifa kwa mkasi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempelekea Jenifa ujumbe wa simu wenye sababu nne, kila moja kwenye mstari wake: afya ya ngozi, ukosefu wa mahali pa kutupa, heshima kwa majirani, na matumizi ya fedha. Nilihitimisha kwa kumwomba asitume tena pampasi. Amejibu neno moja: "Sawa."

Hoja zimepokelewa.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua. Winda za jana hazijakauka.

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeanza. Magharibi ilipoingia nyumba zote zilinyamaza kwa pamoja, kisha nikasikia vijiko. Nilikula ugali na dagaa, mtoto akiwa mgongoni akinivuta masikio. Bi Mwatumu alinipitishia uani bakuli la mihogo ya nazi. Nilimshukuru kwa maneno mengi kuliko mihogo yenyewe, naye akasema, "Haya, haya, kula kabla haijapoa."

Jumamosi, 16 Machi

Bombani, wanawake walikuwa wamepanga ndoo. Mmoja aliuliza, "Karani, leo umefua mashauri mangapi?" Mwingine akasema, "Mke anatuma hela, mume anafua winda. Jamani, Moa tumeendelea!" Wa tatu akawajibu, "Mcheni Mungu, winda zake nyeupe kuliko shuka zenu."

Jibu la kufaa, lenye mpangilio mzuri, lilinijia nilipofika nyumbani, nikamwambia Blessing.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Nimeanika chumbani, kamba kutoka dirishani hadi mlangoni. Napita nikiwa nimeinama kama mgeni.

Ijumaa, 22 Machi

Sadalla ameleta mzigo mwingine. Pampasi, twiga walewale. Jioni nilimpigia Jenifa.

"Si nilikueleza sababu?"

"Ulinieleza."

"Mbona umetuma tena?"

"Nilipita dukani nikaziona." Nyuma yake kulikuwa na mtoto analia, si wetu. "Anafanya nini sasa?"

"Amelala."

"Mwekee simu mdomoni nimsikie anavyopumua."

Nilifanya hivyo, na nilipoirudisha sikioni alikuwa amekwisha kata. Mzigo nimeuweka juu ya kabati pamoja na ule wa kwanza, bila kuufungua. Sioni kwa nini mtu anayekubali hoja asizitekeleze.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Barabara ya kwenda Maramba imekuwa tope, hivyo sikuwahi ibada. Niliimba nyimbo zote nyumbani. Mimi huimba besi, na besi isiyo na sauti nyingine ni kama mtu anayenung'unika. Blessing alinitazama kwa heshima mpaka mwisho. Kwa majirani walikuwa wanafunga, mchana kimya. Sikumbuki kuzungumza na mtu mzima leo.

Jumanne, 2 Aprili

Jua kali, la kwanza baada ya siku nyingi. Niliitwa ofisi ya kata kumsindikiza mzee mmoja mwenye shauri la kiwanja, nikamwacha Blessing kwa Bi Mwatumu. Nilipiga pasi shati langu jeupe, kola na mikono, kama inavyompasa mtu anayesimama mbele ya afisa. Mkaa mkavu ukaishia hapo. Winda nilikuwa nimezitandaza juu ya michongoma, zikakauka kabisa, zikawa moto mkononi.

Afisa alilisifu shati. Shauri limeahirishwa.

Jumamosi, 6 Aprili

Mvua. Blessing ana vipele mgongoni, karibu na kiuno. Joto, nadhani.

Jumanne, 9 Aprili

Nitajitahidi kuandika kwa utaratibu.

Vipele vimekuwa majipu, na kila jipu lina tundu dogo katikati. Mtoto hakunyonya chupa wala kulala. Asubuhi nilikuwa nimemkalisha magotini nikimpepea, ndipo pikipiki ya Sadalla ilipoingia uani, na nyuma yake, akiwa amejifunika nailoni ya mvua, shemeji Beatrisi. Hakuwa ametoa taarifa ya kuja.

"Karibu, shemeji. Habari za Maramba?"

"Mtoto analia nini?"

Alimchukua, akamgeuza, akaona. Alitazama kamba iliyojaa vitambaa, akanitazama mimi, na sauti yake ikawa ndogo, jambo ambalo sikulizoea. "Manase. Hizi zilipigwa pasi?"

Nilianza kueleza. Nilisema kwamba kwa ujumla zilipigwa, isipokuwa siku moja ambapo, kutokana na upungufu wa mkaa na kwa kuzingatia ukali wa jua...

"Nimekuuliza zilipigwa pasi?"

"Hapana."

"Mkaa ulikwenda wapi?"

Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Kwenye shati."

Bi Mwatumu alikuwa amekwisha ingia, bila hodi. "Lawama mtagawana baadaye, hazichachi. Leteni mafuta ya mgando." Alipaka mafuta mengi juu ya kila tundu, tukangoja. Akaeleza kwamba funza akikosa hewa hujitokeza mwenyewe. Shemeji akamshika mtoto miguu, mimi mikono. Funza walipoanza kuchungulia, Bi Mwatumu akakamua kwa vidole viwili, taratibu, na kila akitoka mmoja anasema bismillahi. Blessing alilia akinitazama mimi, si wao. Aliniona mimi ndiye niliyemshika mikono. Sijapata kuandikiwa shitaka lililo wazi kuliko lile.

Tulimpeleka zahanati baadaye. Muuguzi alisafisha majeraha, akasema kazi imefanywa vizuri, akatoa dawa, akasema maneno yaleyale ya pasi.

Tuliporudi, shemeji alitafuta mahali pa kuweka mkoba wake, akaona juu ya kabati.

"Hizi ni nini?"

"Pampasi alizotuma Jenifa."

"Zote? Hujafungua?"

"Nilimwandikia sababu."

Alikaa juu ya kitanda. Nilijiandaa kwa makelele, maana shemeji Beatrisi ana sauti ya kuita watu wa bonde la pili. Lakini alisema polepole, akiupapasa mzigo. "Unajua anashinda akifanya nini kule? Anamfunga mtoto wa watu hizihizi, asubuhi, mchana, jioni. Kisha anakwenda dukani kumnunulia wa kwake. Ndicho kitu pekee anachoweza kumvisha mwanawe. Wewe unamwandikia sababu nne!"

"Zinambabua, shemeji."

"Najua zinambabua! Wangu pia ziliwababua, nikawafunga vitambaa. Nani kakataa vitambaa? Kwani ungemwambia 'ahsante, zimefika, zimemkaa', ungepungukiwa nini? Mtu mzima hujui hata kumdanganya mkeo!"

Usemi ule ulikuwa na dosari za kimantiki, nami nilizitafuta, na nilipozipata hazikunisaidia.

Alimpigia Jenifa mbele yangu. Alisimulia yote, hata shati. Nilisikia sauti ndogo ya mke wangu simuni lakini si maneno. Mwisho shemeji akasema, "Haya. Tutakusubiri." Akanigeukia: "Anakuja mwisho wa mwezi. Amesema mtoto asihamishwe mpaka afike. Lakini mimi nimeshaandaa kitanda."

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Shemeji ameondoka asubuhi. Kabla ya kupanda pikipiki alipiga pasi winda zote zilizokuwepo, kwa mkaa aliokwenda kuununua mwenyewe kwenye matope. Nimekuwa nikimwita, moyoni, mpinzani. Sidhani kama ni neno sahihi.

Bi Mwatumu alituita kula pilau. Alinipa ruhusa ya kufunga kamba juu ya meko yake. "Moshi utazikausha. Ila pasi bado, Karani! Usije ukaniambia moshi umepiga pasi."

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua usiku na mchana. Majeraha yamefunga. Winda zinanuka moshi na nazi. Mtoto pia.

Jumatano, 17 Aprili

Mvua.

Jumapili, 21 Aprili

Nimefungua mzigo. Nilimvalisha Blessing moja baada ya kuoga, nikampigia Jenifa.

"Nimemvalisha ya kwako," nilisema.

"Imemkaa?"

"Imemkaa."

"Haimbani mapajani? Amenenepa?"

"Amenenepa kidogo. Haimbani."

"Ahsante, Baba Blessing." Kisha akasema, "Usimwache nayo sana. Nakumbuka ngozi yake."

Kumbe alikuwa akiijua ngozi ya mtoto tangu mwanzo, kabla ya sababu zangu nne. Nilimvua baada ya saa moja, nikamfunga winda. Tangu sasa itakuwa hivyo kila Jumapili. Siwezi kulitetea jambo hili kwa hoja.

Ijumaa, 26 Aprili

Blessing amesimama akishika mguu wa meza. Nilitoka nje kumwambia mtu, mvua ikanirudisha.

Jumanne, 30 Aprili

Jenifa amefika jioni, amelowa. Amekonda, na nywele amekata. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumkaribisha. Nilisema, "Umefika," naye akasema, "Nimefika."

Alinyoosha mikono. Blessing alimtazama usoni, kisha akauficha uso wake shingoni mwangu. Jenifa alimgusa mgongo, palipokuwa na makovu, na mtoto akapiga kelele, akanishika shati kwa mikono miwili mpaka kifungo kikang'oka.

"Amechoka tu," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Amechoka."

Jumatano, 1 Mei

Mchana kutwa Jenifa alimfuata mtoto kwa uji, kwa kijiko, kwa nyimbo. Alimpa mwanasesere wa mpira kutoka Mombasa. Mtoto alimchukua mwanasesere, akaja naye kwangu.

Bi Mwatumu alipita kumsalimu. "Umzoeze polepole, mwanangu. Mtoto hana ubaya, hujua tu anayemwona."

"Mtoto wa kule ananijua, bibi," Jenifa alijibu. "Nikitoka chumbani analia."

Baada ya chakula Jenifa alizungumza, akiwa ameangalia mlango. "Nimeyaona makovu. Dada anamtaka, na dada angepiga pasi kila siku, mimi na wewe tunajua."

"Ni kweli," nilisema. Nilikuwa nimeandaa utetezi kwa wiki tatu. Ulikuwa na utangulizi. Nikaona kuwa kila kifungu kilichomo kingemuumiza yeye, kwa maana ushahidi wangu mkubwa ulikuwa ni ile mikono ya mtoto shingoni mwangu. Nikasema tu, "Nilikosea. Uamuzi ni wako. Ukisema Maramba, kesho nitamfungia nguo zake."

Mvua ilikuwa imeanza.

"Nikimpeleka kwa dada atakulilia wewe, halafu atamzoea, halafu nitakapomchukua atamlilia yeye. Mimi alishanililia; sitaki awalilie watu watatu." Akapangusa uso kwa kanga. "Abaki hapa. Mkataba wangu unaisha Desemba."

Hivyo nimeshinda. Nimeyaandika maneno hayo ili niyaone yalivyo. Mara nyingi nimemfikishia mteja habari ya ushindi, akaruka, akanishika mikono. Mimi nilikaa palepale, nikimtazama mke wangu akifuta meza iliyokuwa tayari safi.

Jioni mtoto alikojoa. Nilinyanyuka, kama nilivyozoea, nikachukua winda kwenye rundo.

"Nipe," alisema Jenifa.

"Hukunjwa pembe tatu. Ncha ya..."

"Baba Blessing. Toka nje kidogo."

Nilitoka. Nilisimama chini ya ukingo wa paa la nyumba yangu mwenyewe, maji yakinichuruzikia begani, kama mwombaji anayesubiri kuitwa ofisini. Mtoto alilia, aliniita kwa sauti yake isiyo na maneno, nami niliushika mlango wala sikuusukuma. Alilia mpaka sauti ikakatika. Kisha nikasikia Jenifa akiongea naye taratibu, si wimbo, maneno ya kawaida tu, akimweleza habari za Mombasa, jiko la kule, ngazi za kule, kama mtu anavyomsimulia mtu mzima mwenziwe. Kilio kikawa kwikwi. Kwikwi zikaisha.

"Ingia," alisema baadaye. "Amelala."

Alhamisi, 2 Mei

Jenifa ameondoka alfajiri na Sadalla kuelekea Horohoro. Hakumwamsha mtoto. Alisema hataki kumwona akilia, wala hataki kumwona asipolia.

Blessing aliamka, akatazama upande wa kitanda aliolala mama yake, akaupiga kwa kiganja. Winda aliyofungwa jana na mama yake ilikuwa imekunjwa pembe nne, fundo limewekwa mbele kwenye kitovu, upande mmoja unaning'inia. Si hivyo ifungwavyo. Imevuja usiku kucha, shuka zimelowa, na godoro pia.

Nimebadilisha shuka. Fundo sijaligusa. Nimemweka mtoto sakafuni, naye anatambaa nayo chumba kizima, ikiburutika nyuma yake, nami nimekaa mezani, na kalamu, nikingoja ifunguke yenyewe.